Ndoo Moja ya Oili

Alcide Ouellette alikuwa ametengeneza malori ya viazi kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, kwa miaka thelathini na mitano, na hakuna aliyewahi kumrudishia gari kwa malalamiko. Ndiyo maana siku ile shemeji yake Rosalma, mjane wa kaka yake Lucien, alipoingiza lori uani na gia ikasaga kama jino bovu, Alcide alishtuka.

"Gia ya pili imegoma, shemeji," alisema Rosalma akishuka. "Ya tatu naibembeleza kama mtoto anayekataa dawa."

"Labda klachi."

"Klachi si uliifunga mwenyewe mwezi wa tano? Au siku ile ulikuwa unasinzia?"

Rosalma alicheka. Alcide hakucheka. Jumatatu shule zingefungwa ili watoto waende kuokota viazi, kama kila mwaka, na baridi ya kugandisha ardhi haina huruma. Bila lori, viazi vya mjane vingeozea shambani.

Rosalma alipokwenda jikoni kwa mke wa Alcide, fundi alilala chini ya lori, akafungua bolti ya giaboksi na kukinga oili kwa beseni. Ilitoka nyeusi, inanuka kiberiti. Juani, vumbi la njano likametameta ndani yake. Akachovya kidole. Haikuwa chuma. Ilikuwa shaba ya zile pete laini za ndani zinazoziwezesha gia kushikana bila kupigana. Zilikuwa zimeliwa.

Akaitazama ndoo ya oili iliyo kwenye rafu. Kila mkulima kule hununua ndoo moja kabla ya mavuno na kuitia kwenye mashine zote. Ekseli za trekta zinataka oili ya daraja la tano na giaboksi za lori ya nne, basi Alcide, naye pia mkulima, alisema tano ni zaidi ya nne, inayomtosha mkubwa itamtosha mdogo. Miaka miwili iliyopita Rosalma alimwambia, "Marehemu alikuwa akitia ya nne kwenye giaboksi. Alisema ya tano inakula shaba." Alcide akacheka. "Lucien, Mungu amrehemu, alikuwa bahili tu." Rosalma akakubali, kwa kuwa fundi ndiye aliyesema.

Sasa maneno yalimjia yenyewe, yamepangwa vizuri: lori ni zee, Rosalma, vitu huchakaa. Nani angejua? Alifuta kidole kwa kitambaa, lakini ule mng'aro ulibaki kwenye mikunjo ya ngozi. Akajaribu kusali, sala ikamkwama.

Rosalma alirudi na kahawa, na ployes za moto, chapati nyembamba za kwao, kwenye sahani. "Mbona umenuna kama padri aliyehubiria viti vitupu?"

"Keti, shemeji."

"Nikiketi nitaambiwa jambo baya."

"Lori nimeliharibu mimi," alisema Alcide. "Ni oili yangu. Uliniambia."

Rosalma aliinamia beseni, akaitazama ile shaba.

"Nilikuambia," alisema taratibu, "nawe ukamcheka marehemu."

Hilo lilimchoma kuliko tusi. Alcide aliinamisha kichwa.

"Utavuna kwa lori langu. Nitaendesha mwenyewe. Lako nitalifungua viazi vyako vikishaingia ghalani."

"Na viazi vyako wewe?"

"Vitasubiri."

"Baridi haisubiri, Alcide." Hakumwita shemeji. Alishika kikombe bila kunywa. "Hiyo ndoo uliitia kwangu tu?"

Swali hilo ndilo Alcide alilokuwa akilikwepa tangu afungue bolti.

"Na kwenye malori mengine manne ya majirani."

"Basi unangoja nini hapa? Kahawa utaikuta."

Alcide alianza kwa Fernand, jirani wa ng'ambo ya barabara. Alimkuta amekwishapakia mapipa matupu kwenye lori, injini inaunguruma.

"Fundi wangu," Fernand alimpokea kwa furaha. "Gia ya pili imeanza kunung'unika, lakini nimemwambia mke wangu asiwe na hofu. Gari lililopita mikononi mwa Alcide haliniangushi."

Alcide alivua kofia, akaikunja mikononi.

"Zima injini kwanza, Fernand," alisema. "Nina neno la kukuambia."