Kikohozi cha Sinema

Kikohozi cha kuigiza nakijua hata nikiwa nimefumba macho. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kliniki na mwanangu mdogo, televisheni ya ukutani ikionyesha filamu fupi ya mambo ya afya, na mwanamke mmoja humo ndani akaanza kukohoa. Akina mama wenzangu wakamwonea huruma. Mimi nikacheka, mpaka nesi akanitazama vibaya. Nisamehe, msomaji, si kwamba sina utu. Yule dada alikuwa anakohoa kwa koo, na mgonjwa wa kifua hakohoi kwa koo, anakohoa kwa mbavu. Nayajua hayo kwa sababu nimelelewa na mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe ni mama yangu, muuza uji wa Shelui. Kabla jua halijatoka alikuwa ameshainjika sufuria mbele ya banda letu kando ya barabara ya Nzega: uji wa ulezi wenye ukwaju kidogo, wa moto wa kuunguza ulimi. Madereva wa malori walikunywa, lakini hao walikuwa wapita njia. Waliotulisha hasa ni watu wa pale pale, mafundi, wauza vitunguu, akina mama wanaowahi shambani, na Mzee Gunda wa mashine ya kukamua alizeti, ambaye hakuna aliyewahi kumtangulia kwenye benchi. Sauti yake ilishinda mashine yake. Akisema uji wa Mama Naomi leo ni mwepesi, basi Shelui nzima ilijua kwamba ni mwepesi. Naomi ndiye mimi.

Mama alikuwa pia mwigizaji wa kanisani. Kila Krismasi aliigiza mke wa mwenye nyumba ya wageni, na alimfukuza Mariamu kwa moyo wake wote, mpaka watoto wadogo wakalia. Sifa zake zikafika mbali, na mwaka mmoja watu wa sinema za afya wakamwomba aigize mgonjwa wa kifua kikuu. Filamu ingepigwa Kiomboi, karibu na hospitali. Baba alikuwa fundi wa pancha na mtu wa maneno machache. Alisema tu, "Kaigize, ila usituletee nyumbani."

Alifanya mazoezi nyuma ya nyumba, mbuzi wakimshangaa. Kikohozi cha kwanza Baba alikikataa. "Hicho ni cha mtu aliyepaliwa na ugali," alisema. Kumbe hata Mama hakuridhika nacho, maana alipofika Kiomboi alikwenda kukaa barazani na wagonjwa wenyewe, akawasikiliza wanavyokohoa, akawauliza dawa zinawafanyaje. Aliporudi alitukoholea mara moja tu, na Baba akaweka chini kijiko. Alituletea pia chupa ya juisi ya rozela iliyobaki, ile iliyotumika kuwa damu. Niliinywa yote kwa maandazi.

Kosa lake lilikuwa moja. Majirani aliwaambia anakwenda hospitali ya Kiomboi na atarudi, basi. Habari ya sinema aliificha, kwa kuwa alitaka kuwashtukiza. Na kweli aliwashtua.

Lazima nikueleze jambo kuhusu gari la sinema. Lilikuwa likija na jenereta lake na shuka jeupe, likionyesha picha kwenye uwanja wa mnada giza likiingia, na miaka yote lilituletea watu wa kweli. Tulimwona mzee aliyepasuliwa tezi. Tulimwona bibi aliyetolewa mtoto wa jicho, akitaja jina lake na kijiji chake na kumshukuru Mungu. Mchezo wa kuigiza halikuwahi kutuonyesha. Kwa hiyo kila mtu Shelui alijua kwamba gari lile halisemi uongo.

Jioni ile Mama alivaa kitenge chake cha harusi. Sura yake ilipotokea kwenye shuka, uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Kisha akakohoa. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Akakohoa tena, akajifuta kwa kanga, kanga ikawa nyekundu, na nyuma yangu mtu akasema taratibu, "Yesu wangu, Mama Naomi." Mimi nilikuwa najichekea, nikikumbuka maandazi yangu. Mama wa kwenye shuka akaenda kisimani na ndoo, akayumba, akaanguka.

Hapo ndipo mvua ilipoanza. Ilikuwa ya kwanza mwaka ule, na kama umekulia Singida huhitaji kuelezwa. Harufu ya udongo ilitangulia, matone mazito yakafuata, na uwanja mzima ukaondoka mbio, huyu kukinga maji chini ya bati, yule kutafuta jembe. Hakuna aliyeuliza mwisho wa sinema. Watu wa gari walikunja shuka lao, wakaondoka kabla njia za vijijini hazijaharibika, na asubuhi sote tulikuwa tunapanda.

Benchi letu likabaki tupu. Kwanza tulidhani ni kilimo. Mama aligundua pale aliposalimia na watu wakamwitikia wakiwa wamefunika pua kwa kanga.

"Jamani, nilikuwa naigiza!"

"Na hospitali Kiomboi ulikwenda kuigiza?"

"Ndiyo!"

"Pole, mama. Mungu atakusaidia."

Lisemwalo lipo, walisema. Kadiri alivyojieleza ndivyo walivyozidi kumpa pole, na hakuna kitu kilichomuuma kama zile pole. Shuleni jirani yangu wa dawati alihamishwa na mama yake. Uji ukawa unabaki, tukawa tunawamwagia kuku, na nakuapia hakuna kuku walionenepa kama wetu mwaka ule. Lakini sisi tulikuwa tunakonda. Uji ule ndio ulikuwa sare yangu ya shule na chumvi ya nyumbani, na zaidi ya hapo ulikuwa jina la mama yangu. Nilimkuta siku moja ameinamia sufuria iliyojaa, analia, na niliogopa sana kwa sababu sikuwahi kumwona akilia bila kuigiza.

Mtu mmoja tu aliendelea kuja, Mzee Gunda. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, cha plastiki, cha kijani, akakaa pembeni kabisa ya benchi. Mama alimmiminia kwa mbali kama alivyotaka. Mzee alikunywa, akakohoa kwenye mkono wa shati lake, akasema, "Vumbi la alizeti hili." Ile sauti kubwa ilikuwa imeanza kupungua, lakini nani angeisikiliza, wakati mgonjwa wetu alikuwa anajulikana?

Mama alituma salamu kwa kondakta wa basi la Kiomboi, tena na tena: waambieni wale watu waje wamalizie sinema yao. Walikuja uwele ukiwa umeshaiva. Watu walifurika, nadhani wengine walikuja kuona anavyokufa. Safari hii mbingu ilinyamaza. Tukaona Mama anapelekwa hospitali, anapimwa makohozi, anameza vidonge miezi sita. Tukamsikia daktari akisema ugonjwa huu husafiri kwa hewa, hauambukizwi kwa kikombe, na mtu akimaliza dawa anapona. Mwishoni alitokea Mama aliyenona, kwa msaada wa kanga mbili zilizofichwa ndani ya gauni, akigawa uji na kucheka.

"Amepona!" mtu alipiga kelele. "Mama Naomi amepona!"

Wakamnyanyua juu juu. Mimi nililia kwa furaha mpaka kamasi zikanitoka, na sikujali nani ananiona.

Asubuhi benchi lilijaa na wengine walikunywa wamesimama. Mama aling'aa. Lakini mimi nilikuwa na dukuduku: amepona nini, wakati hakuumwa? Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza wote, mmoja mmoja, na nilijua Mama naye alikuwa anasubiri nafasi hiyo hiyo.

Mzee Gunda alingoja wenzake waondoke. Kikombe cha kijani alikuwa amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba," Mama alisema.

"Marahaba." Akakohoa. Kilikuwa cha mbavu. "Mama Naomi, vile vidonge... vinasumbua?"

Nikafungua mdomo wangu.

"Naomi, kalete ukwaju," Mama alisema. Ukwaju ulikuwa mbele yake.

Nikiwa mlangoni nilimsikia akisema, "Mwanzoni vinasumbua kidogo, baba. Mkojo unakuwa mwekundu, usishtuke. Halafu unazoea. Mimi si huyu hapa?"

Baba alimsindikiza mzee Kiomboi kwa basi la kesho yake. Halikuwa vumbi. Alimeza vidonge mpaka vikaisha, na baada yake wakaja wengine kumuuliza Mama, kwa sauti za chini, na wote aliwajibu vilevile. Maneno ya kwamba aliigiza sikuyasikia tena kinywani mwake. Nilikasirika. Huyu ndiye aliyenichapa kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari!

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Msimu mzima wa kilimo Mama alikuwa ameutamani ule wakati wa kusema "sikuumwa" na kuaminika. Ulipofika, mbele yake alisimama mtu aliyehitaji kumwona mmoja aliyeumwa akapona, na Mama akampa.

Mzee Gunda alipomwoza binti yake wa mwisho, alitambulisha wageni kwa ile sauti yake, bila kipaza sauti. Shemeji, wajomba, mchungaji. Kisha akamwonyesha Mama kwa mkono.

"Na yule pale," alisema, "ni mgonjwa mwenzangu."

Mama akasimama, akatengeneza kitenge chake, akawapungia watu mkono.