Damu ya Farasi

Nyoka aina ya kifutu aliniuma mguuni nikipalilia mihogo huko Butiama. Shemeji yangu akaja mbio na wembe na jiwe jeusi la kunyonya sumu.

"Usinichanje," nikamwambia. "Nipelekeni Musoma."

Tulipofika hospitalini mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Nesi akatueleza kwamba farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijifunze kuishinda, na dawa hutengenezwa kutokana na damu hiyo. Mama mkwe, aliyekuwa ametusindikiza, akashtuka. "Mwanangu awekewe damu ya mnyama?"

"Mama, hata ingekuwa ya fisi, wanitundikie."

Nilitetemeka, nikatapika, lakini mguu ulipona. Shemeji bado ananiitaga Farasi. Naitika, kisha nachukua jembe naenda shambani.