Mrija wa Kioo wa Bibi

Mwaka 1995, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida ilipotushika. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani ya mkaratusi yakichemka, kifua kinafunguka chenyewe na hasira inanipanda.

Tulikimbia kutoka mtaa wetu wa Cibitoke, Burundi, risasi zikilia nyuma yetu. Wenzetu walibeba magodoro na masufuria. Bibi yangu alinishika kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikumbatia chombo chake cha kauri nyeupe, tumbo kama chungu, mrija wa kioo umechomoza juu. Alikipata zamani za Wabelgiji, kwa mama mmoja Mbelgiji ambaye Bibi alikuwa mpishi wake. Unatia maji ya moto na majani, unavuta mvuke kwa mdomo mpaka kikohozi kinalegea. Njiani watu walimcheka: "Bibi, unakimbia na birika?"

Shangazi Zaina alitupokea kwake, nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique. Tulijaa mle kama maharage kwenye gunia. Nami nikakohoa, kifua kikipiga filimbi, mpaka wapangaji wa ua ule wakaanza kunong'ona: kifua kikuu. Fundi baiskeli mmoja, mtu wa sauti kubwa, alisema wazi uani:

"Zaina, huyu mutoto atatumaliza. Atoke."

Shangazi akatazama chini. "Mama, mi nifanye nini?"

Kutoka maana yake ni barabara, na barabarani watu walikuwa wanauawa.

Bibi hakugombana. Mchana kweupe aliweka chombo katikati ya ua, akasema Bismillahi, akanipa mrija. Nikavuta. Kisha akautoa mdomoni mwangu, hakuufuta, akautia mdomoni mwake.

Wapangaji wakaacha kazi zao, wakatazama. Kama hukukulia kwetu, nikuambie: Burundi, watu wanaokunywa pombe kwa mrija mmoja ni ndugu. Kumnyima mtu mrija ni kumfukuza. Bibi, Mwislamu ambaye hakuwahi kuonja pombe, alilijua hilo kama wote.

Akamnyooshea fundi. "We, njo uvute. Ama unaogopa bibi kizee?"

Fundi alikichungulia chombo kana kwamba kina nyoka. Akavuta kwa nguvu, ajionyeshe. Mvuke ukamchoma koo, akakohoa kunishinda mimi.

"Ehe!" Bibi akasema. "Na huyu naye atoke?"

Watu walicheka, hata yeye mwenyewe. Tukabaki.

Miaka yote nilidhani Bibi alijua kwamba si kifua kikuu. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima, yeye akiwa hatoki tena kitandani.

"Ningejuaje?" akanijibu. "Mi si daktari."

Ilikuwa pumu.

Shule niliiacha darasa la tatu. Leo nina nyumba ya matofali Cibitoke, kwenye kiwanja kilekile tulichokimbia. Nina vyerehani, mbuzi, na watoto waliosoma. Nina wapangaji wawili. Mmoja anakohoa. Yumo.