Mdogo Wangu Alitaja Jina Lake, Wakasema ni Homa

Admin, nisitiri. Swali nililolibeba tangu mama yetu alipougua ni hili: familia inaruhusiwa kudanganya kiasi gani ili mmoja wao apone? Zamani nililiona kuwa swali la darasani, la kujadiliwa na watu walioshiba. Sasa linataka jibu kesho asubuhi.

Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili, na tunaishi mtaa wa Umoja. Nilisoma hadi chuo kikuu, nikaajiriwa katika ofisi ya kiwanda kimoja, na ajira hiyo inanipa bima ya matibabu. Mdogo wangu, tuliyezaliwa naye wawili tu, anauza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba. Tuseme mimi ni Esta na yeye ni Tabitha. Si majina yetu, na mtaona kwa nini hata kuyaandika kunaniuma.

Mama alifariki akiwa na deni la hospitali, na mwili wake ukazuiliwa mochari hadi tulipoweka rehani kipande cha shamba kule nyumbani, magharibi. Bado tunalipa. Tabitha alijifunza kutokana na hilo kwamba ugonjwa huvumiliwa kwanza. Unga ulipopanda bei, na kodi ya kibanda ikafuata, aliacha kuchangia bima ya umma. Tumbo lilipomshika, alimeza dawa za maumivu akaendelea kuuza. Nilimkuta amejikunja juu ya marobota, jasho likimtiririka.

"Nipeleke nyumbani tu, dada," alisema. "Hospitali ni ya wenye pesa."

Nilimpeleka katika hospitali ninayotibiwa mimi. Tunafanana, na watu hutuchanganya tangu utotoni. Pale mapokezi nilitoa kadi yangu ya bima.

"Sistimu imelala, alama za vidole hazishiki," karani alisema bila kuinua uso. "Mgonjwa ni nani?"

"Esta," nikajibu.

Tabitha alinitazama, akaninong'oneza huku meno yakigongana, "Kumbe kupata digrii ni rahisi hivi." Nikacheka. Kicheko hicho ndicho kinachonitisha leo.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alifanyiwa upasuaji, lakini uambukizo ulikuwa umeshaingia kwenye damu, na homa ikakataa kuondoka. Kila alasiri nilipokwenda kumwona, niliandika jina la Tabitha kwenye daftari la wageni. Jana nilimkuta muuguzi akimpangusa uso.

"Dada yako leo ametukataa kabisa," aliniambia kwa utani. "Nikimwita Esta, anasema yeye ni Tabitha. Nikamuuliza, Tabitha si ni yule anayekuletea uji? Akaninunia."

Tabitha akanishika mkono. "Dada, waambie mimi ni nani."

Muuguzi alikuwa amesimama pale pale. Nikasema, "Lala kwanza, Esta."

Aliuachia mkono wangu.

Leo daktari aliniita kando. Alisema homa imepungua kidogo, lakini mgonjwa bado hajijui: anataja jina lisilo lake, umri usio wake, na anadai hajawahi kuzaa. Anahofia kwamba uambukizo umefika kwenye ubongo. Kesho asubuhi wanataka kumchoma sindano kwenye uti wa mgongo ili wachote maji wayapime, na dawa wameshamwongezea. Ndugu wa karibu anatakiwa kutia sahihi. Ndugu huyo ni mimi, na jina nitakaloliandika ni la mgonjwa mwenyewe.

Nilimweleza mume wangu. "Ukisema, kazi imeisha, pengine na polisi watakuja, na bili yote ni yetu," alisema. "Ukinyamaza, ni sindano tu. Watu huchomwa kila siku." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na akifa, mama watoto, tutamzika nani?"

Nimejaribu kufikiri kwa utaratibu kama nilivyofundishwa. Nikisema kweli, huenda nikamwepusha na sindano na dawa asizozihitaji. Lakini jana hiyo hiyo alimwita muuguzi kwa jina la marehemu mama yetu, na akaniuliza kama marobota yameingizwa ndani yasinyeshewe, ilhali nje kulikuwa na jua kali. Huenda akili yake imeguswa kweli, na daktari akisikia kwamba jina lile ni sahihi, aahirishe kipimo kinachohitajika. Hoja hii inanipa nafuu ya kunyamaza, na ndiyo maana naishuku. Kila hoja yangu ya kunyamaza, nikiifuata hadi mwisho, naikuta imeketi kwenye mshahara wangu.

Nawaomba ushauri, hasa mliowahi kufanya kazi wodini au kupitia jambo kama hili. Nimwambie daktari kabla ya kutia sahihi? Nitie sahihi kwanza, nimwachie Mungu? Nitasoma yote mtakayoandika, hata ya kunilaumu.

Lakini kuna moja ambalo hata ninyi hamtaweza kunijibu. Sijui kama Tabitha alitaja jina lake kwa sababu fahamu zilikuwa zimemrudia, au kwa sababu zilikuwa zikimtoka. Anayeweza kujua ni daktari, na kitu anachokikosa ili ajue ninacho mimi.