Hatua Arobaini Kutoka Majini

Siku nilipotia saini karatasi ya komine, ofisi ya serikali ya mtaa wetu, harufu ya mihogo iliyolowekwa iliingia dirishani kutoka ukingo wa ziwa, na hata hiyo haikunizuia. Nilikuwa mkuu wa barabara yetu hapa Lubumbashi, chef kama tunavyosema. Karatasi iliruhusu nyumba kujengwa hatua kumi kutoka majini badala ya arobaini, na wenye viwanja kung'oa matete. Bila saini yangu ingerudi ilikotoka.

Harufu ile niliijua tangu utotoni. Mama alilowesha mihogo katika vidimbwi nyuma ya matete, siku tatu au nne, mpaka ilainike na kutoa uchachu uliotufuata hata kanisani. Baba, mtu wa Mitwaba, alifanya kazi ya reli. Kila mwaka kabla ya mvua alitupeleka kupima, mimi na mdogo wangu Ngoyi. Alitembea kutoka majini kana kwamba anakanyaga mataruma ya reli, hatua zote sawa, nasi tukihesabu kwa sauti. Kwenye ya arobaini Ngoyi alichomeka kijiti. Kati ya kijiti na maji hakuna aliyejenga. Matete ya mikeka yalikatwa upande wa nchi kavu tu. Yaliyosimama majini hayakuguswa. Nilipokuwa na miaka kumi mvua ilinyesha juma zima, ziwa likapanda likiwa na rangi ya matofali. Asubuhi tulikuta matete yamelala kama nywele zilizochanwa, na maji yamesimama penye kijiti.

"Munaona?" baba alisema. "Majani iko inatumika kazi, na haiombe hata mushahara."

Ngoyi alipofiwa na mumewe alijenga nyumba yake papo hapo, kwenye kipimo cha baba. Kwa hiyo mkutanoni, karatasi ikiwa mezani, alisimama, akaniita yaya, kama huku tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Yaya, weye mwenyewe ulikuwa unahesabu na papa. Ulishasahau?"

Kabla sijajibu, mwenye kiwanja kimoja cha mbele alidakia: "Chef, weye uko chef wa bantu ao wa vyura?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ili nisichekwe, kisha nikachukua kalamu.

Matete yaling'olewa, ukingo ukajazwa kifusi, kuta zikapanda. Mvua ya mwaka wa pili ilipofurisha ziwa, maji yalizikuta kuta hizo, yakapita kwenye mwanya kati ya nyumba mbili na kuingia moja kwa moja kwa Ngoyi. Hakuna aliyekufa. Nyumba yake ya matofali mabichi iliyeyuka kuanzia chini, naye akahamia Kipushi kwa binti yake.

Juzi nilipima tena, lakini kutoka juu, pale kijiti kilipokuwa. Hatua zangu za uzee ni fupi, ila hata ishirini sikufikisha: nilikutana na ukuta. Hakuna anayelowesha mihogo pale. Hewa inanuka saruji na moshi wa jenereta. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, guu likavunjika la Ngoyi, aliyesikia.

Nimekwenda Kipushi mara mbili kumwomba msamaha. Mara zote alinipa kiti, akanipikia bukari, ugali wetu wa huku, akaniuliza habari za nyumbani. "Karibu, chef," alisema. Hajaniita yaya tena. Yeye saini ile ilimgharimu nyumba. Mimi ilinigharimu mdogo wangu, mtu pekee aliyebaki duniani aliyehesabu nami zile hatua.