Ndoa ya Miezi Mitatu

Juma lililopita nilikuwa katika ofisi ya uhamiaji mjini Shinyanga, nyuma ya mwanamke mmoja, mshonaji kutoka Bugarama. Kando yake alisimama mumewe, Mzambia aliyewasili karibuni, kofia ameishika kwa mikono miwili.

“Ndugu afisa, nataka mume wangu akae nami. Tuombe kibali gani?”

“Ungekuwa mwanamume, fomu ya mke ipo. Fomu ya mume haipo. Achukue pasi ya mgeni, miezi mitatu, au kibali cha kazi kama ana mwajiri.”

“Basi niandike mimi mwajiri wake. Nina cherehani mbili.”

Afisa alicheka hata akaweka kalamu chini. “Utamlipa nini?”

“Chakula, mavazi na makazi.”

“Ah, mama! Hiyo si ajira, hiyo ni ndoa!”

Mwanamke alitoa cheti cha ndoa, akakinyoosha mezani kwa kiganja. “Ndiyo niliyokuja nayo tangu asubuhi.”

Kicheko kilikoma. Hata hivyo, muhuri ulioshuka ulikuwa wa mgeni.

Mimi ni shehe; nimefungisha ndoa nyingi, na katika fikihi niliyosomeshwa ndoa iliyowekewa muda ni haramu. Siku ile niliona ofisi ya umma ikiichukua ndoa halali na kuipa miezi mitatu, kwa kuwa tu mwombaji amevaa kanga. Wakubwa na wanijibu: mwezi wa nne ukiingia, mama yule amwite nani mwanamume aliyelala kitandani mwake?