Kanta ya Arusi na Shauri Nililolipeleka Kata

Haruna, mwenzangu wa barazani, aliponiambia, "Andika, Saidi, wewe ndiye uliyesoma," nilipaswa kusema hapana, nimalizie kahawa yangu, nirudi nyumbani kuloweka kanzu. Sikusema hapana. Nilivimba kichwa (na kichwa chenyewe siku hiyo kilikuwa na mabaka meusi na meupe kama kanga wa porini) nikaomba karatasi. Nasimulia kwa aibu, na nimesubiri mpaka nimezeeka ndipo nisimulie, maana mtu akiwa kijana husingizia hasira, lakini mimi sikuwa kijana, nilikuwa baba wa bibi arusi.

Ilikuwa katika ile miaka ya wakimbizi, watu wanavuka ziwa kutoka ng'ambo ya Kongo na watoto mgongoni na sufuria kichwani, na serikali inasema kila aliyevuka akae kambini. Walikwenda kambini wengi. Lakini sisi wa Ujiji mnatujua, mji wetu una adabu moja ambayo haikuandikwa popote: humwulizi mtu babu yake alivuka lini. Ukiuliza la mwenzako, na la kwako litaulizwa, na hapa kwetu ni nyumba chache sana ambazo babu hakuvuka. Basi wapo waliopokelewa na watu wakakaa mjini kimyakimya, na mmoja wao alikuwa Ramazani kinyozi.

Ramazani alikuwa amepanga chumba cha uani kwa dada yangu Zena. Dada Zena ndiye mkubwa wangu, tumbo moja, mjane, muuza mawese, na ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokuwa mgonjwa. Huyo Ramazani alikuja kwake na mke na watoto, hana kitu ila mkasi na wembe, dada akampa kivuli cha bati mbele ya nyumba aweke kiti na kioo. Wateja walijaa. Wakongo kwa nywele mnawajua.

Sasa binti yangu Mwanaidi akachumbiwa na kijana wa Mwamgongo. Siku ya arusi ilipokaribia nikajitazama kioo, nikaona kichwa cheupe kama unga wa muhogo, na nikamkumbuka baba mkwe mwenzangu, tuliyekuwa naye shule moja, ambaye nywele zake zilikuwa bado nyeusi kabisa. Nikasema hapana, watu hawatasema kwamba bibi arusi ameozwa na babu yake. Asubuhi ya arusi yenyewe (kwa nini si siku ya kabla, msiniulize) nikaenda kwa Ramazani, nikamwambia anipake kanta, nywele zirudi nyeusi.

Akanipaka vizuri. Alikuwa na mkono mwepesi. Tatizo ni kwamba kabla dawa haijakauka nikasikia watoto wanapiga kelele kwamba boti la wakwe kutoka Mwamgongo limeshaonekana, nami nikaruka kutoka kitini.

"Papa Saidi, usikuwe na haraka," Ramazani akaniambia, kitambaa mkononi. "Dawa iko bado mubichi. Ngojea ikauke, kisha tunaosha."

"Nitaosha nyumbani."

"Hapana, Papa. Ukivaa kofia sasa, itakuya kukuhaibisha."

Hayo ndiyo aliyoniambia, na nimeyaweka hapa mwanzo ili muyapime mtakaposikia niliyoyaandika baadaye. Mimi nikavaa kofia yangu ya kushonwa kwa mkono, mpya, nikaenda zangu. Nyumbani wageni wameshaingia, maji ya kuosha hayakuwahi hata kutajwa.

Basi tumekaa kwenye jamvi, mimi nina kanzu nyeupe iliyotiwa maji ya wali na kupigwa pasi, yaani ukinisogelea unaisikia inalia kama karatasi, jua la saa saba, watu wamebanana, na jasho likaanza. Nikajifuta paji la uso kwa kiganja. Sikukitazama kiganja. Shehe akasema, "Walii, mshike mkono bwana arusi," nikamshika, na kijana wa watu naye kavaa kanzu ya melimeli nyeupe. Nikaanza kutamka maneno ya kuoza, na nikiwa katikati nikamwona shehe ananitazama juu ya miwani, kisha bwana arusi anatazama mkono wake, kisha mtoto mmoja wa upande wao akasema kwa sauti kubwa ambayo hata wanawake ndani waliisikia:

"Mama, mzee anavuja!"

Nilikuwa navuja kweli. Mto mmoja umepita nyuma ya sikio umeingia kwenye kola, mwingine umeshuka puani. Bwana arusi ana alama nyeusi ya vidole vyangu vyote kuanzia kiganjani hadi kwenye mkono wa kanzu. Kucheka msibani ni vibaya, lakini kujizuia kucheka kwenye ndoa ni kazi ngumu zaidi, na wale watu wa Mwamgongo walijitahidi mpaka baba mkwe mwenzangu (mwenye nywele zake) aliposhindwa, na hapo jamvi zima likaanguka kwa kicheko.

Ndoa ilipita. Mwanaidi hakukasirika, alicheka na wenzake. Mambo yangeishia hapo, yakawa ya kuchekesha wajukuu. Lakini kesho yake nilikwenda barazani tunapokunywa kahawa, na Haruna, ambaye ni mtu wa utani hata kwa maiti, akasimama akanipa nafasi.

"Mpisheni! Mpisheni asije akawapaka!"

"Haruna, niache."

"Mimi nakuonea huruma tu, bwana Saidi. Kwani alikupaka dawa au masizi ya sufuria?"

Na mimi, badala ya kusema niliondoka kabla haijakauka, nikasema, "Yule fundi ni mbovu. Ameniharibia."

Uongo huo mdogo, mnaona? Nilitaka wacheke mtu mwingine.

"Kama ni yeye, mshitaki," Haruna akasema. "Mteja ana haki yake. Au ni wewe mwenyewe ulikosea?"

Watu wakasubiri jibu, vikombe hewani. Ndipo Haruna aliposema lile la andika, wewe ndiye uliyesoma. Nikaandika, naye nikamtaja kuwa shahidi wangu.

Dada Zena alipata habari kabla wino haujakauka, akaja kwangu na kanga ya jikoni, mikono ina mafuta.

"Saidi, mdogo wangu. Mimi nitakufulia hiyo kanzu. Nitamwambia Ramazani aje akuombe radhi, atakuja, hana kiburi. Usiende kata."

"Dada, hili ni suala la huduma."

"Basi sema nywele, usimseme mtu. Unanielewa? Nywele tu."

Nikamwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa, ndiyo maana nasema kosa ni langu. Lakini aliporudi kwake nikaisoma karatasi yangu, nikaiona nyepesi. Nywele, kanzu, kola. Mtu aliyefika sekondari hawezi kupeleka serikalini shauri la kola. Nikatafuta uzito. Mwishoni nikaongeza kwa mwandiko mzuri kwamba mlalamikiwa si mtu wa hapa, amevuka na kufungua kazi mjini bila utaratibu. Nikairudia kuisoma, ikanipendeza. Mungu anisamehe, ilinipendeza.

Mtendaji wa kata alikuwa mgeni kwetu, kahamishwa kutoka mkoa wa mbali, mtu wa haki kwa namna yake, ila adabu ile ya Ujiji hakuwa nayo na hakuna aliyemfundisha. Siku ya shauri ofisi ya kata ilijaa mpaka madirishani. Hawakuja kwa ajili ya haki, walikuja kusikia habari za jasho langu zikisomwa na serikali. Ramazani amekaa benchi la mbele na shati safi, mkewe pembeni na mtoto mchanga. Dada Zena amekaa karibu yao. Mimi nimekaa upande wangu, nimenyoa kipara.

Mtendaji akasoma. Kwenye kola walicheka, kwenye mkono wa bwana arusi walicheka mpaka mtu akaanguka dirishani. Akafika kwenye sentensi yangu nzuri, akaisoma mara moja, kisha akaisoma tena kwa sauti. Hakuna aliyecheka.

"Habari za kanta mngeweza kuzimaliza nyumbani," akasema. "Hili la pili siwezi kulirudisha nyumbani. Fundi, wewe umevuka?"

"Ndiyo, mukubwa. Tulivuka na vita."

"Kuna anayekudhamini hapa mjini?"

Kisha, kabla Ramazani hajajibu, akawageukia watu. "Na mashahidi wa mlalamikaji ni nani? Shahidi awe raia. Wewe bwana, umetajwa hapa. Baba yako alizaliwa wapi?"

Alikuwa anamwuliza Haruna.

"Mimi?" Haruna akasema. "Mimi, mheshimiwa, nilikuja kuulizia mbuzi wangu. Haonekani tangu jana."

Akatoka. Mwingine akakumbuka ana sufuria motoni, mwanamume mzima. Mwingine hakukumbuka kitu, alitoka tu. Madirisha yakawa meupe, mlango ukawa mweupe, na ofisi ambayo mtu alikuwa hapati pa kuweka mguu ikabaki na upepo. Ningekuwa na akili ningecheka. Nikasikia jina langu.

"Mzee Saidi, na wewe basi, tufuate utaratibu huohuo. Baba yako alizaliwa wapi?"

"Baba... baba alizaliwa ng'ambo."

"Ng'ambo ipi? Unguja?"

"Ng'ambo ya ziwa."

Aliweka kalamu chini. Akaniomba kadi yoyote, nikamwambia sina hapa, naye akasema hangojei ya nyumbani. Akasema, bila ukali wowote, kwamba basi mimi na fundi tuko hali moja, na asiye na mdhamini mkazi wa siku nyingi atapelekwa kwa maofisa wanaohusika na wageni, wakaangalie.

Dada Zena akasimama. Yeye alikuwa na kadi ya chama ya zamani, kaja nayo ameifunga kwenye pindo la kanga, na hata mtendaji alimjua kwa sababu ndiye aliyekuwa akipika kwenye mikutano.

"Mimi nimekuja kumdhamini Ramazani," akasema. "Ni ndugu yetu. Yuko kwangu na watoto wake."

"Sawa, mama. Na huyu mlalamikaji?"

"Huyo ni mdogo wangu."

"Mwingine anayemjua yuko wapi?"

Tukatazama mlango. Hakuna mtu.

"Hapa mtu mmoja anadhamini mtu mmoja," mtendaji akasema. "Ndivyo nilivyoelekezwa. Chagua, mama."

Sasa sikilizeni, maana hii ndiyo sehemu ambayo sijamsimulia mtu. Nyumbani kwangu, ndani ya sanduku, nilikuwa na cheti changu cha shule, kinasema nimezaliwa Ujiji. Kama wangenichukua ningekaa huko siku kidogo, cheti kingeletwa, ningerudi kwangu, wangenicheka tena, basi. Ramazani hakuwa na cheti wala sanduku. Nilijua hivyo pale pale nilipokaa. Ilitosha niseme, "Dada, mdhamini yeye." Nilifikiria Haruna atakavyosimulia kwamba Saidi kaenda kushitaki akachukuliwa yeye. Nikanyamaza. Niliinamisha hicho kipara changu nikatazama saruji.

Dada Zena alinisubiri niseme. Najua alinisubiri, kwa sababu mtendaji alilazimika kumwita tena, "Mama?"

"Andika huyo mpumbavu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yetu aliniachia yeye."

Mke wa Ramazani hakulia. Alimhamisha mtoto bega moja hadi jingine. Ramazani alisimama, akanijia mkono umenyooka, nikadhani atanipiga, na ningeshukuru.

"Papa Saidi," akasema, "unisamehe juu ya kanzu."

Waliondoka na gari la kambini pamoja na watoto wao wote. Kiti na kioo vilibaki chini ya lile bati, na watu wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Barazani Haruna hakunitania tena. Kila nilipofika, mazungumzo yalikuwa yanageuka bei ya samaki, migebuka, na kila mtu alikuwa mwangalifu asitaje mahali alipozaliwa mtu. Hilo liliniumiza kuliko kicheko chote cha jamvini. Niliwahi kupanda lori la mizigo kwenda kambini kumtafuta nimwombe radhi, nikaambiwa familia hiyo imehamishiwa kambi nyingine, na sikuendelea. Tangu hapo fundi akinikosea nalipa, nasema ahsante, naondoka, na wanangu wakinisihi kwamba mteja ana haki yake nawaambia ni kweli anayo, lakini atazame kwanza anachokibeba pamoja nayo.

Hicho ni kiapo changu, ila hakijarudisha kitu. Kila asubuhi nilipita kwa Dada Zena nikamwambia shikamoo, naye akaniitikia marahaba, kama anavyoitikiwa mpita njia, na hakuongeza neno. Hakuja kwangu Mwanaidi alipojifungua, na nilipougua alimtuma mjukuu wake na uji. Ilikuwa hivyo mpaka alipofariki. Kwa sababu ya kola ya kanzu, nilimpeleka mtu na watoto wake kambini, na nikampoteza dada yangu, ambaye alikuwa ndiye mzazi niliyebakiwa naye.